Gesi nzito iko chini, mbona bado inachafuka?

Swali limetoka kwa kijana wa Chumbageni, hapa hapa Tanga, anasoma diploma ya umeme. Nimelifupisha kidogo: "Shikamoo mwalimu. Nimeona video ya maabara, bomba limesimamishwa wima, juu hewa, chini gesi nzito, wimbi la mshtuko linashuka kutoka juu. Likishapita pale gesi zinapokutana panaanza kutoa vitu kama uyoga, mwisho pote panakuwa vurugu. Sisi tulifundishwa kizito kikikaa chini na chepesi juu hapo pametulia. Sasa hapa mbona kizito kiko chini na bado pamechafuka? Na wimbi si lishapita, nani anaendelea kukoroga?"

Marahaba mwanangu. Hilo la mwisho, la nani anaendelea kukoroga, ndo swali lenyewe. Wengi wanaziangalia hizo video wanasema duh, alafu wanapita.

Kwanza ulichofundishwa ni kweli, wala usikifute. Chukua chupa ya maji, mimina mafuta ya kula juu, yanakaa hapo hata mwezi. Ipindue ghafla, maji yakawa juu mafuta chini, hapo hapo yanaanza kupishana, haya yanashuka kama vidole, yale yanapanda kama mapovu. Rayleigh aliliandika hilo 1883 na Taylor akaja kulipanua 1950, ndo maana linaitwa kwa majina yao wote wawili. Ila angalia anayesukuma pale ni nani, ni uvutano wa dunia, na uvutano unavuta muda wote, upande ule ule mmoja, haupumziki. Kwahiyo ndo maana inakuwa muhimu nani yuko juu na nani yuko chini.

Wimbi la mshtuko halina tabia hiyo. Lenyewe ni kofi moja tu, pwaa, limeshaondoka. Mwaka 1960 Robert Richtmyer wa Marekani alikaa na hesabu zake akaonyesha kwamba hata kofi moja linatosha kuuvuruga mpaka wa vitu viwili vya densiti tofauti (densiti ni uzito wa kitu kwa ujazo ule ule), na 1969 Evgeny Meshkov kule Umoja wa Kisovieti akalifanya maabara kwa gesi za kweli. Alichokikuta ndo jibu la nusu ya swali lako: wimbi likitoka kwenye gesi nyepesi kuingia nzito mpaka unavurugika, likitoka nzito kuingia nyepesi mpaka unavurugika vilevile. Habari ya nani yuko juu haiwasaidii kitu.

Sasa kwa nini. Hapa nitakaa kidogo.

Sisi tuliokua tunaogelea Raskazone, ufukwe wa hapa hapa Tanga, enzi zile za uvuvi wa baruti tulishaonja fizikia hii bila kujua. Mtu anarusha baruti mbali huko, wewe kichwa kiko ndani ya maji unasikia "ta!" kavu kabisa, unainuka, unahesabu, alafu ndo "buum" inafika kwa hewani. Kwenye maji sauti inakimbia kama mita 1,500 kwa sekunde, hewani 340 na kitu, kwahiyo mlipuko wa kilomita 3 unakufikia kwa maji ndani ya sekunde 2 na kwa hewa karibu sekunde 9. Kwa umbali huo ilishakuwa sauti ya kawaida. Karibu na baruti yenyewe ilikuwa ni wimbi la mshtuko, na samaki aliyekuwa pale kinachompasuka zaidi ni kile kibofu chake cha hewa, yaani pale pale kitu chepesi kinapogusana na kizito. Kumbuka hiyo, mshtuko una ugomvi na mipaka.

Tofauti ya mshtuko na sauti ni kwamba mshtuko unakimbia kuliko sauti, hewa ya mbele haipati taarifa, inashtukizwa. Chukua mshtuko mdogo tu wa maabara, wa Mach 1.2, yaani mara 1.2 ya mwendo wa sauti, kama mita 410 kwa sekunde. Presha inapanda kufikia mara 1.5 ya ile ya mwanzo ndani ya unene wa karibu sehemu moja ya elfu ya milimita, na hewa iliyokuwa imetulia inajikuta inasukumwa kwenda mbele kwa mita 105 kwa sekunde, hiyo ni karibu kilomita 380 kwa saa, kutoka sifuri, bila kuaga.

Sasa twende kwenye mkokoteni. Umeshaona mkokoteni uliopakiwa vibaya, kulia mifuko ya saruji, kushoto magodoro? Ukiusukuma kwa nguvu katikati hauendi moja kwa moja, unazunguka, upande wa magodoro unatangulia na wa saruji unabaki nyuma. Msukumo ulikuwa mmoja na sawa, aliyekataa usawa ni mzigo. Kwenye mpaka wa gesi ni hivyo hivyo. Presha ya wimbi inasukuma kuelekea chini moja kwa moja, lakini mpaka haujanyooka kama rula, una vilima na mabonde, na kwenye mteremko wa kilima utakuta ubavu mmoja hewa na ubavu wa pili gesi nzito, wote wanapokea msukumo ule ule kwa wakati ule ule. Hewa nyepesi inachomoka, gesi nzito inazubaa, na hapo kati panazaliwa mzunguko. Wataalamu wanauita vortisiti ya kibaroklini, jina refu kwa kitu cha mkokoteni.

Mpaka ungekuwa umenyooka kabisa na wimbi limekuja sambamba nao, mzunguko usingezaliwa, mpaka ungebanwa kidogo ukasukumwa mbele basi. Ila mpaka ulionyooka kabisa sijawahi kuuona.

Kwahiyo nani anaendelea kukoroga? Ile mizunguko. Wimbi lenyewe halichanganyi chochote mwanangu, linapita linapanda vimbunga vidogo kila kwenye mteremko alafu linaondoka zake, na vimbunga vile vina nguvu yake ndani tayari, havihitaji mtu wa kuvisukuma tena. Ni kama fuso likipita kwa kasi barabara ya vumbi, limeshafika mbali huko ndo vumbi linaanza kukuzungukia usoni. Kimbunga cha upande huu wa kilima kinazunguka kulia, cha upande wa pili kinazunguka kushoto, wakishirikiana wanavuta katikati mwiba wa gesi nzito unaingia kwenye nyepesi, na pembeni yake povu la nyepesi linaingia kwenye nzito. Ncha ya mwiba inakunjwa na vimbunga vyake yenyewe inageuka kofia. Huo ndo uyoga wako.

Na uvutano ambao ulitakiwa kutuliza? Upo, ila haujapata nafasi. Tupige hesabu kidogo. Hewa juu, chini SF6, yaani sulfa heksafloraidi, ambayo wewe wa umeme utakutana nayo kwenye breka za umeme mkubwa, ni nzito mara 5 ya hewa. Kanuni ya Richtmyer inasema mwendo wa kukua kwa vilima ni urefu wa kilima, mara namba ya mawimbi ambayo ni 2π ukigawa kwa umbali wa kilima hadi kilima, mara kasi ambayo mpaka umepewa kwa ghafla, mara namba ya Atwood. Atwood ni tofauti ya densiti ukigawa kwa jumla yake, na kwa gesi hizi mbili inatoka kama 0.67. Weka vilima vya milimita 2 vilivyoachana sentimita 6, mshtuko wa Mach 1.2, mpaka unarushwa kwa kama mita 70 kwa sekunde, jibu linakuja kati ya mita 8 na 10 kwa sekunde. Yaani mwanzoni kila milisekunde moja inaongeza karibu sentimita nzima. Ndani ya milisekunde hiyo moja kitu kilichoachiwa kianguke kwa uvutano kinakuwa kimeshuka milimita 0.005. Hayo si mashindano.

Hiyo kasi haibaki hivyo, usije ukaiandika kwenye mtihani kama ni ya kudumu. Kilima kikishakuwa kirefu kulinganisha na umbali wa jirani yake, ukuaji unachoka, kinyume na Rayleigh na Taylor ambako uvutano unaendelea kulipia na ukanda wa mchanganyiko unakua kwa mraba wa muda. Huku kwa Richtmyer na Meshkov mtaji ni ule ule wa mwanzo, unatumika unaisha taratibu.

Sasa kazi za maabara, maana video inakudanganya kuwa ni rahisi. Bomba la mshtuko ni kifaa cha zamani, Mfaransa Paul Vieille alilitumia 1899, na wazo halijabadilika: bomba refu, upande mmoja gesi ya presha kubwa, upande mwingine presha ya kawaida, katikati karatasi ya plastiki au ya bati. Ikipasuka, wimbi linaondoka. La chuo cha Wisconsin kule Marekani limesimama wima kama mita 9, kwa ndani ni mraba wa kama sentimita 25 kila upande. Na hapa ujue kwa nini linasimamishwa wima: ni kwa sababu hiyo hiyo uliyofundishwa. Gesi nzito inawekwa chini makusudi ili uvutano uutunze mpaka utulie kabla ya kofi. Somo lako la utulivu linafanya kazi yake hadi sekunde ya mwisho, linalokuja baadae ni somo jingine.

Shida kubwa siku zote ni namna ya kuuandaa huo mpaka. Meshkov alitenganisha gesi zake na utando mwembamba sana, wimbi likauchana, sawa, lakini vipande vya utando vinabaki mle ndani vinaelea kwenye mchanganyiko na kuuharibu. Watu wakaanza kuukimbia utando. Wengine wanaleta gesi nyepesi kutoka juu na nzito kutoka chini polepole, zinakutana katikati na kutokea pamoja kwenye vitundu vya ukutani, mpaka unabaki pale, alafu wanalitikisa bomba lote kidogo kushoto kulia ili utengeneze mawimbi ya umbo wanalolijua. Maabara ya Los Alamos kule Marekani wao waliachia SF6 ishuke kama pazia jembamba, wakalipiga kwa ubavu, na miaka ya 90 wakakuta kitu kilichowasumbua: mapazia yanayofanana kwa macho yalitoa maumbo ya aina 3 tofauti, uyoga unaoangalia mbele, uyoga unaoangalia nyuma, na umbo la kujipinda kama nyoka. Tofauti ndogo ya mwanzoni, isiyoonekana, ndo iliyoamua.

Hilo mimi nimelilipia. Maabara niliyosomea ng'ambo tulikaa wiki 3 tunapata picha ambazo hazijirudii, leo uyoga umenyooka kesho umeinama, profesa ananiangalia mimi kama ndo nimeuinamisha, kumbe kompresa ya chumba cha jirani ilikuwa ikiwaka saa zile zile tunazofyatua, sakafu inatetema kidogo sana, miguu haisikii lakini gesi inasikia. Tukaanza kufyatua saa 4 usiku, jirani kaenda kulala, picha zikatulia. Siku nzima unaosha bomba kwa gesi, unapanga leza, unavaa vizuia masikio, unahesabu 3, 2, 1, mlio kama bunduki, jambo lenyewe limechukua milisekunde 5, alafu unachukua ufagio kufagia vipande vya plastiki.

Picha zenyewe zinapatikanaje wakati gesi zote hazina rangi? Njia ya zamani ni ya Toepler wa miaka ya 1860, shlireni, inatumia jinsi mwanga unavyopinda ukipita penye densiti tofauti, ni ile ile ya kuona joto linacheza juu ya lami saa 7 mchana. Siku hizi wanaweka mvuke wa asetoni kwenye gesi moja, wanaikata kwa bamba jembamba la mwanga wa leza, asetoni inang'aa, na hapo unapata kipande kimoja tu cha katikati, unaona kiasi gani kimechanganyika kweli na kiasi gani kimekunjwa tu. Maana kukoroga na kuchanganyika si kitu kimoja. Ukikoroga tui zito kwenye mchuzi mwanzoni unaona mistari myeupe, tui liko pale na mchuzi uko pale, wamekunjana tu, kuchanganyika kunakuja pale mistari inapokuwa myembamba kiasi kwamba molekuli zenyewe zinavuka. Vimbunga vinafanya kukunja, molekuli zinamalizia.

Ile vurugu uliyoiona mwisho wa video karibu naapa ni mpigo wa pili. Wimbi likifika mwisho wa bomba linagonga ukuta linarudi, na safari hii halikuti vilima vidogo vya adabu, linakuta uyoga, mikunjo na miteremko ya kila pembe, kwahiyo linapanda vimbunga kila mahali kwa mkupuo na ukanda wote unalipuka kuwa tabulensi, yaani vurugu ya vimbunga vya kila ukubwa. Mtu akitaka mchanganyiko mzuri kwa haraka, anaomba mpigo wa pili.

Na wapo wanaoutaka. Kwenye injini za ndege ambazo hewa inapita ndani yake kwa kasi kuliko sauti, hewa hiyo haikai hata kidogo, mafuta lazima yachanganyike nayo kwa muda mfupi mno, mshtuko unasaidia. Wapo wanaouchukia kabisa, wale wa nishati ya myunganiko, yaani ya kuunganisha viini vya atomi. Kule Livermore, California, leza 192 zinalenga kidonge cha kama milimita 2 kibanwe kwa mishtuko mpaka haidrojeni nzito ya ndani iungane, na kila kilima kwenye ganda la kidonge, hata kivumbi, kinakuwa mwiba unaoingiza ganda baridi ndani ya moto wa katikati. Ndo moja ya sababu walihangaika miaka mingi mpaka tarehe 5 Desemba 2022 walipoingiza megajuli 2.05 za leza wakapata 3.15. Na mbinguni nako yapo, nyota iliyoonekana ikilipuka Februari 1987 ilitoa miale ya eksirei miezi mapema kuliko walivyotegemea, maana vitu vya ndani kabisa vilikuwa vimeshachanganywa kuja nje.

Umeniuliza pia mwishoni kama unaweza kuona kitu kama hicho hapa bila maabara. Mshtuko wa gesi usijaribu, na SF6 usiiachie kabisa, inapasha dunia joto zaidi ya mara 23,000 ya kaboni dioksaidi kilo kwa kilo. Lakini kuna ujanja ambao Jacobs na Sheeley waliutumia 1996, wakaachana na mshtuko, wakaweka vimiminika 2 ndani ya tangi wakaliangusha juu ya springi. Kofi la springi linatosha, na tangi likishadunda liko hewani linaelea, uvutano kwa vilivyo ndani ni kama haupo, unabaki unaangalia vimbunga peke yake.

Nenda kwa mafundi bodaboda uombe shokapu iliyokufa, uchukue springi tu, ile damper yenye oili itoe maana kazi yake ni kuua mdundo na wewe mdundo ndo unaoutaka. Tafuta boksi la plastiki gumu linaloonyesha, lenye mfuniko wa kukaza. Nusu kilo ya chumvi kwenye lita 2 za maji na rangi ya keki, hiyo chini, juu maji matupu uyamimine polepole juu ya kipande cha sponji kinachoelea, jaza mpaka hewa yote itoke. Mabomba 2 ya kuliongoza lishuke wima. Litikise kidogo kwa ubavu mpaka uone wimbi la taratibu kwenye mpaka, alafu liachie kutoka sentimita 30, usizidishe. Mimi nilianza na mita moja, mfuniko ukaruka na maji mekundu yote yakaishia kwenye kanga za mama watoto zilizokuwa zimeanikwa, kesi yake haijaisha hadi leo.

Rekodi kwa simu kwenye mwendo wa polepole, ule wa picha 240 kwa sekunde. Likidunda kwenda juu sentimita 15 una sekunde kama 0.35 ya kuangalia, ni picha 80 na zaidi. Na usishangae, haitakuwa sawa na video yako. Kule kofi lilitoka kwenye gesi nyepesi kwenda nzito, kilima kikakua moja kwa moja. Kwako kofi linatoka chini, kwenye maji ya chumvi, yaani kutoka kizito kwenda chepesi, kwahiyo utaona kwanza vilima vinashuka, mpaka unanyooka kabisa kama umepona, alafu pale palipokuwa kilima panazama panakuwa bonde na palipokuwa bonde panainuka, na hapo ndo uyoga unaanza. Ile picha moja ya katikati, mpaka ukiwa umenyooka, isimamishe uiangalie vizuri, kwa macho utaapa hakuna kinachoendelea.